Phoenix ya Baba Hadi Mtae: Shajara ya Mradi

Juni 6

Leo nimeitoa Phoenix ya baba, baiskeli yake kubwa nyeusi, katika banda la kuku kule Soni, nikaipakia juu ya basi hadi Lushoto. Mpango ni mmoja: kuiendesha mpaka Mtae kwa shangazi, kilomita 60 hivi za vilima, lami kidogo na udongo mwingi, kabla vuli haijachanganya. Baba aliifanya safari hiyo ujanani kwa baiskeli hii hii, na shangazi bado anaitaja. Naandika shajara kwa sababu nimetafuta maelezo ya kuandaa baiskeli kubwa nyeusi kwa ajili ya milima, na yote niliyoyapata yanahusu baiskeli za mashindano zenye gia 20 na zaidi. Hapa Usambara wenye hizo ni wachache. Wenye hizi nyeusi ni wengi, na wengi wameziegemeza ukutani tangu bodaboda zilipoenea.

Asiyeijua atakuwa nadra, lakini niieleze. Fremu ndefu ya chuma yenye bomba la juu lililolala, usukani unaorudi nyuma kumfuata mwendeshaji, madigadi, keria pana, stendi nzito, matairi ya 28 kwa 1½ na breki za fito. Imetengenezwa Shanghai, ila umbo ni la Kiingereza, la tangu mwanzoni mwa karne ya 20, enzi ambazo kampuni ya Raleigh ya Nottingham iliuza baiskeli za namna hii kila kona ya dunia. Wahindi na Wachina waliendelea kuziunda hata Waingereza walipoziacha. Nimeipima kwenye mizani ya duka la nafaka: kilo 23.

Baba alikuwa amekaa kibarazani akinitazama nikiifuta vumbi. Nikamwambia kinachonitia wasiwasi ni kipando cha Magamba, baada tu ya kutoka Lushoto.

"Mwanangu," akasema, "kupanda kukikushinda unashuka, unasukuma. Kushuka kukikushinda utafanyaje?"

Nimeliandika hilo katika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Juni 14

Siku nzima kwa fundi, pale chini ya mti karibu na soko. Ni mzee wa makamo ya baba, ananiita mwalimu kwa sababu wajukuu zake wawili wamepita darasani kwangu. Tumeifungua yote. Grisi ya habu, kile kitovu cha gurudumu, imeganda kama gundi, kikombe cha gololi cha nyuma upande wa cheni kimeanza kuchubuka, spoki tatu hazipo. Nimezihesabu zilizotakiwa kuwapo: nyuma 40, mbele 32. Waliopanga hivyo walijua gunia linakaa wapi.

Gololi nilitaka kubadilisha zile zilizolika tu. Fundi akakataa kabisa. Ukichanganya mpya na kuukuu, zile mpya zimezidi unene kidogo, kwa hiyo mzigo wote unaziangukia hizo peke yake na zinakula kikombe. Unabadilisha zote au unaacha zote. Tumebadilisha zote.

Kazi kubwa ilikuwa pini za krenki. Mkono wa kanyagio umeshikwa kwenye ekseli kwa pini moja iliyochongwa bapa upande mmoja. Kwenye tambarare inadumu miaka. Ukisimama juu ya kanyagio kupanda mlima, inaanza kulegea, unasikia "tik" kila mguu ukifika juu, na ukiendelea kuipuuza inakula ekseli yenyewe, na hapo hasara inakuwa kubwa. Fundi alipiga tupa kila pini mpaka ikakaa uso kwa uso na ekseli, akaigonga kwa nyundo huku ameegemeza chuma kizito upande wa pili ili pigo lisiende kwenye gololi, kisha akakaza nati. Akaniagiza niendeshe kilomita 10, nirudi agonge na kukaza tena. Nati hiyo haiivuti pini ikaingia, inaishikilia tu pale nyundo ilipoifikisha. Wengi tunakosea hapo, tunakaza nati mpaka inakatika.

Juni 22

Irente na kurudi, kilomita 5 na ushei kila upande. Sikutaka mbali zaidi. Asubuhi baridi, ukungu umelala bondeni, wakina mama wanashuka na karoti sokoni. Nimesukuma zaidi ya nusu ya kipando.

Nilipofika kwenye mwamba, chini kabisa Mazinde inaonekana kama imechorwa, mashamba ya mkonge yana mistari, na nyika inaendelea mpaka macho yanachoka. Nikakaa pale nikahesabu meno yanayoshika cheni. Mbele 44, nyuma 18. Mguu ukimaliza mzunguko mmoja, gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu na baiskeli inasogea mita 5.4. Huko chini Mombo, kwenye tambarare, ni sawasawa. Huku juu, nikienda kilomita 6 kwa saa, mguu unazunguka mara 18 au 19 kwa dakika, yaani kila kanyagio ni kama kupanda ngazi ndefu ukiwa umebeba ndoo.

Juni 29

Friwili, yaani gia ya nyuma, ya meno 22 imepatikana, kubwa kuliko zote alizokuwa nazo fundi. Cheni ikawa fupi, tukaongeza pingili mbili. Sasa kila mzunguko ni mita 4.4. Kwa mwendo ule ule mguu unazunguka mara 23 kwa dakika. Ukisoma unaona tofauti ndogo, ila magoti yangu yameitambua kwenye kona ya kwanza.

Fundi anazikumbuka habu za Sturmey-Archer za gia tatu zilizokuja na baiskeli za Kiingereza, zenye gia ya chini inayopunguza mwendo kwa robo. Ingekuwa jibu zuri, lakini amekaa miaka bila kuiona nzima. Nami nimeridhika na friwili. Hata waendeshaji wa Tour de France hawakuruhusiwa kutumia gia za kuhamisha cheni mpaka mwaka 1937. Kabla ya hapo walifika chini ya mlima, wakashuka, wakaligeuza gurudumu la nyuma lenye meno tofauti kila upande, wakapanda.

Nilichojifunza wiki hii kuhusu kupanda: shuka mapema. Mwendo ukipungua mno usukani unaanza kuyumba, na kuinyoosha baiskeli ya kilo 23 kunakula nguvu nyingi kuliko kuisukuma. Nashuka nikiwa bado nina pumzi, nasukuma kwa hatua za kawaida mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma ya kiti, napanda tena mlima unapolala.

Julai 13

Leo nimeogopa, na nataka kuliandika kabla halijapoa.

Nilikuwa narudi kutoka upande wa Magamba. Mawingu yalishuka ghafla kama yanavyofanya Julai, si mvua bali ule unyevu unaoloanisha kila kitu. Njia inateremka, nikabana breki zote mbili, na hakuna kilichotokea. Mikono imebana, fito zimevutika, raba zimegusa, na baiskeli inazidi kukimbia. Mbele kona, baada ya kona bonde. Niliuelekeza usukani ukingoni kwenye tuta la udongo, nikaanguka upande. Kiwiko kimechubuka, baiskeli nzima.

Breki za fito hazina kamba. Ukibana, fito inavuta chuma chenye umbo la kwato kwenda juu, na raba mbili zinagandamiza rimu kwa ndani, upande unaotazama habu. Zina uzuri wake: rimu ikipinda kushoto au kulia bado zinashika. Lakini rimu ni chuma kilichong'arishwa kwa kromu, na kromu iliyoloa ni kama sahani yenye sabuni. Mizunguko ya kwanza ya gurudumu raba inafuta maji tu, na kukiwa na ukungu maji mapya yanakuja kabla ya yale ya kwanza kuisha.

Julai 20

Sijaendesha wiki nzima. Nimepiga hesabu.

Mimi, baiskeli na mzigo wa safari ni kilo 100. Kutoka Lushoto hadi Mombo barabara inashuka karibu mita 1,000 katika kilomita 33. Kilo 100 zikishuka mita 1,000 zinaachia karibu jouli milioni 1. Hiyo inatosha kuchemsha lita 3 za maji ya bomba. Upepo unachukua sehemu, matairi sehemu, lakini kadiri unavyoshuka polepole upepo unachukua sehemu ndogo zaidi, na kinachobaki chote kinapitia vipande vinne vya raba, kila kimoja kidogo kuliko kidole gumba changu. Niliwaonyesha wanafunzi hesabu hii ubaoni. Mmoja akauliza kwa nini basi raba hazichemki. Tukatoka nje, nikainua gurudumu la mbele, tukabana breki nusu nusu na kulizungusha kwa nguvu, wakagusa rimu kwa zamu. Hawakuuliza tena.

Fundi alipendekeza habu yenye breki ya ndani, ile ya kukanyaga nyuma, kwa sababu haijali mvua. Nimeifikiria sana. Mwaka 1976 kule kaunti ya Marin, California, vijana walianza kushindana kushuka njia ya mlimani kwa baiskeli kuukuu nzito za Schwinn zenye breki za namna hiyo. Habu zilipata moto mpaka grisi ikatoka moshi, na baada ya kila mteremko walilazimika kuzifungua na kuzijaza grisi upya. Njia yenyewe ikaitwa Repack kwa ajili hiyo, yaani kujaza upya. Baiskeli za mlimani za leo zilitokana na mateso yale. Kwangu mimi jibu ni hapana: kilichochakaa ndani ya habu hukioni mpaka kikushinde, na raba ya nje unaiona kila ukisimama kunywa maji.

Julai 27

Ngozi. Fundi viatu wa jirani alisikia kisa changu akasema raba inateleza kwenye chuma kilicholoa, ngozi inashika. Baadaye nikakumbuka kwamba Waingereza nao walitengeneza raba za breki zenye kipande cha ngozi katikati kwa ajili ya rimu za chuma. Alichukua ngozi ya soli, akachonga nafasi katikati ya kila raba, akaipachika ngozi kwa gundi ya viatu mpaka ikachomoza milimita 2. Raba inaishikilia, ngozi inafanya kazi.

Nilijaribu kwenye mteremko mmoja karibu na shule. Naachia baiskeli kwenye mti uleule, bila kukanyaga, nabana nikifika kwenye jiwe, nahesabu hatua hadi inaposimama. Rimu nimezimwagia maji kila mara. Raba tupu: hatua 24, 26, 23. Ngozi: 15, 14, 15. Zikiwa kavu, tofauti ni hatua moja au mbili tu.

Nilirudia jioni kwa furaha, bila sababu nyingine.

Agosti 10

Nimekwenda Soni kumwonyesha baba. Alizigusa zile ngozi kwa kidole, akaniambia namna yake. Akiwa na gunia la viazi kwenye keria, hakuamini breki hata kidogo. Alikata tawi la muwati lenye majani, akalifunga kwa kamba nyuma ya keria likaburutwa. Tawi linavuta, raba zinapumzika. Akifika bondeni anafungua kamba, tawi analiweka kando ya njia, na anayepanda kesho yake analitumia kama kuni. Nimelijaribu kwenye njia ya shamba. Linafanya kazi kweli, ila linachimbua njia na kutimua vumbi, na kwa mzigo wangu mdogo halihitajiki. Kamba nitaibeba hata hivyo.

Akanifundisha pia kubana kwa zamu: nyuma ukihesabu hadi tano, mbele ukihesabu hadi tano, kila moja ipoe wakati nyenzake inafanya kazi. Na kwenye changarawe, mbele usibane kamwe ukiwa umeinamisha baiskeli kwenye kona. Bana yote kabla ya kona, kisha achia.

Agosti 24

Matairi. Nimekuwa nikijaza upepo mpaka tairi linalia kama ngoma, kwa mazoea ya lami. Kwenye mawe ya njia ya msituni kila jiwe linaruka moja kwa moja hadi kwenye meno. Nimepunguza kidogo kidogo mpaka nikikaa tairi linavimba kidogo pembeni. Mikono haifi ganzi tena na gurudumu la nyuma halispini kwenye udongo mkavu. Nimepunguza kupita kiasi mara moja tu, jiwe likaibana tyubu na rimu, nikapata matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Viraka viwili.

Fito za breki zinalegea kwa mtikisiko. Nimekata vipande vya tyubu kuukuu nikaviweka chini ya kila kibano kwenye fremu. Kelele imepungua nusu na nati hazijageuka tangu juzi.

Septemba 7

Njia ya msitu wa Magamba. Hii ndiyo siku niliyoelewa kwa nini naipenda baiskeli hii.

Njia ina kila kitu: udongo mwekundu uliokauka kama tofali, mizizi iliyovuka njia, majani yaliyooza yanayoteleza, kokoto, halafu tena udongo. Juu mbega wanaruka kutoka tawi hadi tawi na manyoya yao meupe yananing'inia nyuma. Baiskeli za kisasa zina springi mbele. Hii ina uma uliopinda kwenda mbele na mwili mrefu, kila gurudumu liko mbali na lenzake, na juu ya mizizi haishtuki, inapita kama mtu mzima anayevuka mtaro. Nilisimama juu ya makanyagio yakiwa sawa, yote mawili kimo kimoja, magoti yamelegea, uzito nyuma kidogo. Usukani nikauacha ujitafutie njia. Inayumba, inajirudi yenyewe.

Kinachoisumbua ni tope. Sehemu moja chemchemi inakatiza njia, udongo uleule mwekundu ukajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Nilitoa kwa kijiti dakika 20. Nyumbani nimeweka washa za ziada, vile vipete vya chini ya nati, kuinua madigadi kwa upana wa kidole. Kuyatoa kabisa sitaki. Bila hayo tope lote linaishia kwenye cheni na mgongoni.

Septemba 21

Siku mbaya mbili katika moja. Asubuhi nikisimama kupanda, gurudumu la nyuma liliteleza kwenye nafasi yake, tairi likagusa bomba la kushoto na kugoma. Nguvu ya cheni inalivuta upande wa kulia na nati zilikuwa hazijakazwa vya kutosha kwa mlima. Nimelinyoosha na kukaza kwa spana ndefu. Mchana spoki moja upande wa friwili ikakatika. Fundi aliitazama akasema nyingine za upande ule zimelegea, ndiyo maana moja ilibeba mzigo wote. Amezivuta zote upya, akizigonga kwa kucha na kusikiliza sauti moja baada ya nyingine mpaka zikaimba sauti moja.

Nimeongeza kwenye mfuko wa zana: spoki nne, zimefungwa kwa utepe kwenye bomba la pampu.

Oktoba 5

Nimeondoka Lushoto saa 11 na nusu alfajiri. Kipando cha Magamba nimesukuma theluthi tu, mwezi Juni ningesukuma chote. Lukozi nilifika watu wakipakia kabichi kwenye malori, nikanywa chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Kijana mmoja wa bodaboda alinizunguka mara mbili akiitazama breki, akainama akaigusa ngozi.

"Dada, hii umeifanya mwenyewe?"

Nikamweleza fundi viatu yuko wapi. Babu yake anayo Phoenix, akasema, na hataki tena kuishukia mtoni tangu aanguke masika. Tulikaa karibu nusu saa. Nikamchorea kwenye karatasi ya daftari namna ya kuchonga raba na kina cha ngozi.

Baada ya Lukozi njia inapanda na kushuka bila kuchoka. Manyunyu yalianza saa 7 mchana, na udongo ukaanza kung'aa. Mteremko wa kwanza nilishuka kwa miguu. Wa pili niliendesha, nyuma hadi tano, mbele hadi tano, na baiskeli ikatii. Harufu ya ngozi iliyopata joto ilinifuata mpaka chini, harufu ileile ya kibanda cha fundi viatu. Nilisimama mara sita kugusa rimu. Mara moja tu ilikuwa ya moto kiasi cha kuondoa kidole. Nikakaa juu ya jiwe nikala ndizi mpaka ikapoa.

Pini ya kushoto ilianza "tik" kilomita chache kabla ya Mtae. Niliigonga kwa jiwe huku nimeegemeza jiwe lingine chini, nikakaza nati, ikanyamaza.

Mtae imekaa juu ya mgongo wa mlima, pande zote mbili bonde. Mawingu yalifunguka upande wa Mkomazi nilipokuwa nasukuma kipande cha mwisho. Nilipiga kengele kwa shangazi saa 11 jioni. Alitoka jikoni mikono ina unga, akanipita mimi, akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli na kushika keria.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ameibadilisha kiti," akasema. "Kile cha kwanza kilikuwa na springi tatu."

Oktoba 6

Nimeikagua asubuhi kwenye uwanja wa shangazi. Spoki zote nzima. Gurudumu la mbele limepinda kidogo sana kushoto, breki hazijali. Ngozi za mbele zimebaki milimita 1, za nyuma zimelika zaidi, ya kulia imefika karibu na raba. Nina akiba ya vipande viwili na gundi kwenye kopo. Pini ya kushoto inahitaji tupa. Hapa Mtae kuna fundi mmoja na shangazi amemtuma mjukuu akamwite. Manyunyu bado yanaendelea. Nitaondoka kesho kukiwa kukavu, na kama hakutakauka, keshokutwa.